Wivu ulivyoua mashine ya Modesta

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Modesta Mayala amechuchumaa kwenye kokoto, mbali na jiko la loji, anapima oili kwa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi. Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne. Anaimimina kwenye dumu lenye lita moja ya petroli, anakaza kifuniko, kisha analitikisa kama anayesuka maziwa kwenye kibuyu.

"Vikombe vinne kwa lita," anasema bila kuinua macho. "Sio vitatu, sio kukadiria. Hii mashine haina mahali pengine pa kupata oili. Usipoichanganyia kwenye petroli, umeiua."

Mashine yenyewe ni ya kukatia majani, ile ya kuning'iniza begani kwa mkanda, injini nyuma na kisu mbele. Usiku wadudu wa ziwani wametua kwa mawingu, na wengine wamejibana kwenye chujio la hewa. Modesta analichomoa, analikung'uta, analiweka pembeni lisubiri kufuliwa kwa sabuni, na kupachika jingine kavu. Kabla ya kugusa kisu anachomoa waya wa plagi. Anasema ameshamwona mtu aliyekaza kisu bila kuuchomoa, na leo anakula kwa mkono wa kushoto.

Kisha anavaa miwani na buti, anazunguka bustani nzima akiokota mawe. Mwanza hii, ukiwasha mashine bila kuokota mawe, jiwe litakutafuta wewe au dirisha la mgeni. Leo anaokota taratibu kuliko kawaida. Kuna jambo anataka kumweleza meneja kabla ya kuvuta kamba, na jambo hilo linaweza kumtoa kazini.

Mama huyu wa watoto watatu, mwenye miaka 49 na mkazi wa Igogo, anaifanya kazi hii mwaka wa saba sasa. Loji hii ya kando ya ziwa inamlipa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi. Kwa hesabu za Igogo ni ada, kodi na mboga. Ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na anasema aliipata kwa njia isiyo halali.

"Andika wivu," anamwonya mwandishi. "Usije ukaniandikia ushindani. Ushindani ni wa watu wa mpira. Mimi nilikuwa na wivu, ule wa kukosa usingizi."

Wivu huo ulikuwa na jina: Jovinary Rugemalira, kijana wa miaka 28 kutoka Muleba, aliyeingia mjini mwaka jana na mashine mpya nyekundu. Meneja wa loji, Bi Wilhelmina, alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumpa mkataba wa mwaka. Akawaambia wafanye kazi wote wawili kwa mwezi mmoja, Modesta upande wa ziwa, Jovinary upande wa barabara, naye atachagua.

Basi ikawa taabu. Jovinary akivuta kamba mara moja, mashine inaitika. Modesta anavuta mara tano, ya sita anaiomba. Jovinary ovaroli yake imepigwa pasi. Wapishi wanamtengea chai, tena na chapati! Modesta ambaye wanamjua tangu zamani anaulizwa kama amekuja na chai yake.

"Nilikuwa nakata majani yangu huku naangalia ya kwake," anasimulia, akicheka kwa aibu. "Mstari wangu ukawa unakwenda kama mlevi. Nikasema, huyu mtoto ana nini ambacho mimi sina?"

Kilichomchoma zaidi kilikuwa moshi. Siku moja Bi Wilhelmina alitoka barazani akipunga hewa kwa daftari. "Modesta, moshi wako unaingia vyumbani. Mbona wa Jovinary hauonekani?"

Swali hilo alikwenda nalo nyumbani. Kesho yake akaanza kumchungulia kijana huyo kutoka nyuma ya tangi la maji. Akamwona akifungua tangi la mashine yake na kumimina petroli tupu, bila tone la oili.

"Nikajisemea, kumbe! Siri yake ndiyo hii. Hachanganyi. Ndiyo maana hana moshi, na hela ya oili anabaki nayo."

Alichokuwa hakijui Modesta ni kwamba mashine ile nyekundu ni ya aina nyingine. Ina tundu lake la oili chini ya injini, kama pikipiki, na petroli yake haichanganywi na kitu. Angeuliza, angeambiwa. Lakini utamuulizaje mtu unayemwonea wivu? Heri ufe na ujinga wako.

"Na mimi oili nilikuwa naijua kwa miaka sita," anasema. "Najua kabisa. Lakini wivu unakufundisha upya, na unafundisha uongo."

Jumatatu iliyofuata alijaza petroli tupu. Mashine iliwaka vizuri, tena kwa sauti nyembamba. Moshi hakuna. Modesta akanyanyua kichwa, akatembea na mashine mbele ya baraza ili Bi Wilhelmina aone. Dakika ishirini baadaye injini ikatoa mlio kama bati linaloburutwa, ikanyamaza. Akavuta kamba, kamba ikagoma kabisa.

Wapishi walitoka. Jovinary naye akazima yake, akaja mbio, akainama juu ya tangi. "Mama, oili umeweka?"

"Nimeweka!" Modesta akamjibu kwa ukali. "Unanifundisha kazi?"

Hapo ndipo mpishi mmoja aliposema kwa sauti ya chini, lakini ya kusikika, kwamba usiku uliopita mashine zote mbili zililala stoo moja, na kwamba watu wanaotafuta mkataba wanaweza hata kutia sukari kwenye tangi la mwenzao. Watu wote wakamgeukia Modesta kumsikia.

"Nilisema maneno mawili tu," anasema. "Nilisema, Mungu anajua."

Kwa watu wa huku, maneno hayo ni hukumu. Kufika jioni, Igogo nzima ilikuwa imeshaambiwa kwamba kijana wa Muleba anatia sukari kwenye mashine za watu. Siku tatu baadaye fundi Machibya, mwenye kibanda stendi ya Buzuruga, aliifungua injini, akamwonyesha Modesta pistoni iliyojaa mikwaruzo. "Mama, hapa hamna sukari. Hii imekufa kwa ukavu. Oili ilikwenda wapi?"

Modesta alilipa shilingi elfu tisini, akamwomba fundi asiseme. Wiki hiyo hiyo Bi Wilhelmina akampa mkataba. Jovinary aliambiwa asante, asirudi. Nyumba nyingine tatu alizokuwa anakata majani zikamfungia geti. Hatimaye aliuza mashine, na sasa anaokoteza vibarua kibandani kwa Machibya huyo huyo.

"Nilipata nilichokuwa namwonea wivu," anasema Modesta. "Unafikiri wivu uliisha? Haukuisha. Nikaanza kuwaonea wivu watu wanaolala."

Wiki mbili zilizopita alikwenda Buzuruga kununua plagi. Jovinary ndiye aliyeifuata rafuni, akaifuta vumbi, akampimia nafasi ya cheche kwa uangalifu kama anavyompimia mteja yeyote. Modesta akashindwa kuvumilia, akamwambia yote palepale.

"Nilijua siku ile ile," Jovinary alimjibu. "Nilinusa tangi lako. Petroli iliyochanganywa ina harufu yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulishamtaja Mungu, mama. Mimi nitaje nani?"

Ndiyo maana leo, baada ya kuokota mawe, Modesta anaacha mashine kwenye kokoto na kuingia ofisini kwa Bi Wilhelmina akiwa na buti zake miguuni. Anaongea akiwa amesimama. Meneja anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anavua miwani.

"Unajua maana ya hayo unayoniambia?"

"Najua, Bosi. Mkataba sio wangu."

"Nilimfukuza mtoto wa watu kwa sukari ambayo haikuwepo!" Bi Wilhelmina anapiga meza, kisha anaichukua simu. Jovinary anapokea kwenye kelele za stendi. Meneja anamwambia aje aanze tarehe moja, na mashine loji itamkopesha. Anamsogezea Modesta simu, naye anakiri tena kosa lake mbele ya meneja, bila kulipamba.

"Nimesikia," inajibu sauti upande wa pili. Kisha simu inakatwa.

Modesta atamaliza mwezi. Baada ya hapo atazunguka na mashine yake nyumba kwa nyumba, Igogo na milimani, kutafuta bustani. Hajui zitapatikana ngapi. Anakiri kwamba akipita barabarani na kumwona Jovinary kwenye nyasi hizi, roho itamuuma.

"Sitaki aniambie amenisamehe," anasema akijifunga mkanda begani. "Yule kijana ana adabu zake, alikuwa ananiamkia kila asubuhi. Leo ni miezi minane hajanipa shikamoo. Ni haki yake. Ila natamani siku moja anipe, hata njiani, hata bila kusimama. Nitaitikia marahaba mpaka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, waisikie."