Mgeni Hutangulia Barafuni

Siku ya kwanza kazini niliingia ukumbi wa barafu wa Azaiba nimevaa kanzu na makubadhi, nikateleza mbele ya timu nzima. Nilikuwa nimeajiriwa kunoa viatu vya barafu, vile vyenye chuma kikali chini ya soli. Mwalimu, msaidizi wa kocha wakati huo, aliniinua huku akicheka. "Karibu, mwanangu. Sakafu imeshakujua."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga safu. Nyinyi vijana mnatazama magongo na kile kisahani kinachopigwa badala ya mpira kinavyokimbia, lakini mchezo uko benchini. Washambuliaji huingia watatu watatu, na kila watatu ni safu. Dakika haiishi, wamechoka, unawabadilisha. Safu kali ya wapinzani ikiingia, unaitolea wakabaji wako, wasiojua kufunga lakini wanaong'ang'ania kama kupe. Mchezo ukisimama, sheria inamtaka mgeni aingize watu wake kwanza. Mwenyeji anawatazama, ndipo anachagua wake. Ni neema kubwa, mradi uwe na subira.

Nilipopanda kuwa msaidizi wa kocha, Mwalimu alikuwa ameshahamia timu ya Mabela. Tukakutana nao nusu fainali: mechi tatu, mshindi wa mbili anasonga mbele. Ya kwanza wenyeji tulikuwa sisi. Filimbi ikalia, Mwalimu akasimama benchini kwake anajikuna ndevu, haingizi mtu. Nikaona haya. Mzee aliyenifundisha kazi, nimwache ahimizwe na mwamuzi mbele ya watu? Nikaingiza wangu kwanza, naye akachagua kwa raha zake. Alinifanyia hivyo mechi nzima, na kila mara niliona haya upya. Tulifungwa manne.

Kocha Mkuu, mama mmoja mkali asiyepandisha sauti, aliniita kando.

"Wewe unafanya kazi kwangu au kwa Mwalimu?"

"Kwako, mama. Lakini yule mzee nnamuonea haya."

"Haya hiyo ipeleke kwenye kahawa na halwa. Ukimtangulia tena, utarudi kunoa viatu."

Niliogopa kweli, maana kazi ile nilikuwa naipenda kupita kiasi.

Mechi ya pili tulishinda kwa bao la kubahatisha. Ya tatu, wenyeji tena sisi, ndiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Zimebaki dakika mbili, tunaongoza kwa bao moja, filimbi ikalia karibu na lango letu. Mwalimu akaanza kujikuna ndevu. Nikaushika mlango wa benchi kwa mikono miwili. Mwamuzi akamhimiza, watu wakapiga miluzi, masikio yakaniwaka moto, lakini sikufungua. Mwishowe akaingiza safu yake kali, nami nikawafungulia wakabaji wangu. Hawakurudisha bao, tukaingia fainali.

Sasa nimestaafu, na barafu naiona kwenye glasi ya sharubati tu. Watu huniuliza siku gani ya kazi ilinifurahisha kuliko zote. Wanadhani nitataja fainali, na fainali tulichapwa vibaya sana. Mimi nakumbuka tulipopeana mikono baada ya mechi ile ya tatu. Nilimwendea Mwalimu kichwa chini.

"Nisamehe, Mwalimu. Nimekusimamisha mbele za watu."

"Nikusamehe nini?" Aliushika mkono wangu, hakuuachia. "Ile mechi ya kwanza ndiyo iliyoniuma. Nilirudi nyumbani nikasema, yule kijana nilimfundisha bure."