Chupa ya Fundi wa Mwavuli wa Akiba

Siku ile kiwanjani tulikuwa saba, na nawataja wote asije mtu baadaye akasema hakuwapo. Alikuwapo mdogo wangu anayenifuata, muuguzi, aliyetoka zamuni moja kwa moja na viatu vyake vyeupe vya kazi. Alikuwapo mdogo wetu wa tatu, anayeendesha tramu Croydon. Alikuwapo kitinda mimba wetu, aliyefika nchi hii ya Waingereza ana miaka minne, na mpaka leo ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Alikuwapo fundi wa Kenton, Kalasinga wa Kisumu mwenye ndevu nyeupe, ambaye ndiye aliyeukunja mwavuli wangu wa akiba, yaani parachuti yangu ya pili. Mwalimu wa kuruka, Mwingereza mrefu asiye na maneno mengi. Rubani, ambaye tulimwona kisogo tu. Na mimi. Vijana wa klabu walikuwapo pia, lakini hao huwapo kila Jumamosi, siwahesabu.

Wadogo zangu hawakuja kunishangilia. Walikuja kunikataza. Walikuwa wamegundua kwamba kwa miaka miwili, Jumamosi ninazosema nakwenda kushona, nyingine nilikuwa napanda ndege na kuiacha angani. Muuguzi alinipigia simu akaniambia, "Dada, tutakuja tuone mara moja. Tukisha kuona, utaacha." Nikamwambia waje.

Inafaa niseme mimi ni nani kwao. Baba alikufa nikiwa na miaka kumi na minne, mama akamfuata mwaka uliofuata. Nikaacha skuli nikiwa kidato cha pili, nikakaa kwenye cherehani ya mama pale pale Unguja. Shangazi aliyekuwa Ilford alipotuita, mimi ndiye niliyebeba makaratasi yetu wote wanne kwenye mfuko wa plastiki, na mimi ndiye niliyesimama foleni ya uhamiaji, mwaka hata mwaka, mpaka wa mwisho alipopata kibali. Wamesoma wote watatu. Mimi ni fundi cherehani. Nakunja pindo za suruali, nabadilisha zipu, nashona sare za watoto. Sikuwahi kuona haya kwa hilo na sitaanza leo.

Siku moja mteja aliniletea ovaroli ya rangi ya machungwa iliyopasuka magotini. Nilipomuuliza imechanikaje, akasema alitua vibaya. Nilidhani anazungumzia ngazi. Alipoona mshono wangu akaniuliza kama naweza kushona mikanda minene, akanielekeza kwa fundi mmoja Kenton ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka. Nyuma ya duka la vitambaa vya sari, fundi yule alikuwa na meza ndefu kuliko chumba changu cha kulala, na juu yake imelazwa parachuti nzima, nyeupe. Alinipa kipande cha mkanda nikishone. Nilipomaliza akachukua wembe, akafumua wote, akanirudishia. "Shona tena," akasema. "Sasa najua unaweza. Nataka kujua kama unaweza mara mbili."

Nikawa nakwenda kila Jumamosi. Na mtu hawezi kushona mikanda ya kuning'inizia watu bila siku moja kutaka kujua inavyohisi kuning'inia.

Nilipomaliza masomo ya kuruka ikawa lazima nichague vifaa vyangu. Hapo nilichekwa sana. Mruko mzima umo kwenye mkoba mmoja wa mgongoni wenye miavuli miwili: mkubwa, unaoukunja mwenyewe kila unaporuka, na wa akiba, ambao hukunjwa na fundi mwenye leseni tu, na unaomba Mungu usiuone kamwe. Vijana wa klabu hupenda mwavuli mdogo kwa sababu unakwenda mbio na unageuka upesi. Mimi nilinunua mkubwa uliotumika, wa zambarau iliyopauka.

"Hilo ni hema, auntie," kijana mmoja aliniambia.

"Mvua ikinyesha usije kubisha hodi," nikamjibu.

Fundi ndiye aliyenishauri. Alinipima uzito nikiwa nimevaa kila kitu hadi buti, akapiga hesabu, akasema, "Sikiza. Mwavuli mdogo hausamehe. Wewe una miaka arubaini na kitu, umeanza juzi, kiwanja chenyewe kina upepo. Chukua huu, utakuweka chini kama mzigo wa mayai." Akaniwekea pia kile kimkanda kinachovuta mwavuli wa akiba chenyewe mara tu unapoutupa ule mkubwa, na kijisanduku kinachoufungua ukizimia hewani. Wako wanaoviona hivyo ni vya waoga. Mimi nilivitaka vyote. Mtu aliyelea watoto watatu hana haja ya kuthibitisha ujasiri kwa mikanda.

Kisha akanifunza ajali. Aliufunga mkanda wa kuvaa kwenye boriti ya karakana yake, akanining'iniza humo miguu haifiki chini, akawa ananitikisa huku anapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kisumu. Upande wa kulia kifuani kuna mshikio mwekundu: huo unautupa mwavuli mkubwa. Kushoto kuna wa chuma: huo unafungua wa akiba. "Angalia. Shika. Vuta. Kulia, halafu kushoto. Tena." Tulifanya hivyo mpaka mwenye duka la sari akaja kutazama kuna nini.

Siku ya mwisho ya mafunzo hayo, nikiwa bado naning'inia, akaacha kunitikisa. "Wewe shida yako naijua," akasema. "Wewe ni mtu wa kutengeneza. Kitu ikiharibika, unataka kutengeneza. Huko juu hapana tengeneza. Ikifika futi elfu mbili na mia tano na mwavuli haijakaa sawa, tupa. Na chini, ukiwa unakunja, ukiinuka katikati kwa sababu yoyote, anza upya. Hata kama ni simu ya mfalme."

Sasa turudi kwenye siku yenyewe. Wadogo zangu walikaa kwenye viti vya plastiki mlangoni mwa banda la ndege. Mimi nilikuwa chini kwenye mkeka nakunja mwavuli wangu. Nilikuwa nimewaletea pilau ndani ya sufuria iliyofungwa taulo, kwa sababu sijawahi kuwaita popote bila kuwalisha. Nilikuwa nimefika katikati, kamba zote nimezikusanya chini ya goti, kitinda mimba akauliza kachumbari iko wapi. Angeweza kuitafuta. Ana ndevu. Lakini niliinuka. Nikawapakulia mmoja mmoja, nikamtolea muuguzi vipande vya mafuta kwa kuwa havipendi, nikarudi kwenye mkeka, nikaendelea pale nilipoishia. Fundi alikuwa nje na kikombe chake cha chai, hakuniona. Ndege ilikuwa imeshaitwa na wadogo zangu wananitazama. Sikuanza upya.

Niliruka vizuri. Nikafungua mwavuli kwa wakati wake, nikavutwa juu kama kawaida, kisha nikaanza kuzunguka. Nilipotazama juu, hema langu la zambarau lilikuwa limebanwa katikati kama tai ya kipepeo: kamba moja ilikuwa imepita juu yake. Lilinizungusha kama pia.

Nilivuta breki zote mbili, zile kamba za kuongozea mwavuli, kwa nguvu. Kamba haikutoka. Nikavuta tena. Nikasema moyoni ya tatu itakaa. Nakumbuka wazi kwamba sikuwa naogopa, nilikuwa nimekasirika, kama mtu anayefumua mshono wake mwenyewe. Mwavuli ule niliukagua uzi kwa uzi. Viraka viwili nilivitia kwa mkono wangu. Sikuwahi kutupa kitu maishani kwa kuwa kimeharibika, hata suruali za kitinda mimba zilianza kwa yule wa tramu. Nikavuta mara ya tatu.

Saa ya futi iliyo mkononi ilinionyesha elfu mbili na mia tano imeshapita zamani. Ilikuwa inakaribia elfu mbili kamili.

Nikaangalia kulia. Nikashika. Nikavuta.

Zambarau ikaondoka juu yangu, nikaanguka kwa muda wa pumzi moja. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshashika chuma, ukavuta kama ulivyofunzwa kwenye boriti, ingawa nadhani kile kimkanda kilinitangulia. Nikavutwa tena. Nilipotazama juu, palikuwa na weupe umekaa sawa, umejaa hewa, hauna kosa hata moja. Nikatua kwenye shamba la ngano iliyokwisha kuvunwa, kwa makalio.

Muuguzi ndiye aliyenifikia kwanza, anakimbia kwenye mabua na viatu vyake vyeupe. Alinishika mshipa wa mkono, akanitazama mboni za macho, akanibonyeza mbavu moja moja. Alipohakikisha mimi mzima akanipiga kofi la bega.

"Tumeshazika wawili," akasema. "Unataka wa tatu awe wewe?"

"Sijafa."

"Kwa nini hujafa?"

Nikanyoosha kidole kwa fundi, aliyekuwa anakuja taratibu kando ya shamba, mkono ameuweka kiunoni. Mikononi mwangu bado nilikuwa na mishikio yote miwili. Wengi huiangusha angani. Fundi aliitazama akacheka. "Huyu kweli hatupi kitu," akasema.

Ndipo mwalimu akaeleza, na hayo ndiyo maneno mengi niliyowahi kumsikia akisema, kwamba kuna ada ya tangu zamani katika mchezo huu. Aliyeokolewa na mwavuli wa akiba humletea chupa fundi aliyeukunja. Chupa gani, akauliza mdogo wangu wa tramu. Wiski, akajibu mwalimu. Vijana wakaanza kucheka kabla sisi hatujaelewa. Mimi Mwislamu, na fundi aliapa kwenye dini yake tangu ujana kwamba hatagusa pombe.

"Tutaipokea sisi kwa niaba yako, mzee," kijana mmoja akamwambia.

"Wewe nani alikuokoa?" fundi akamuuliza. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Deni iko. Lakini nataka chupa ya achari ya ndimu. Ile ya jua, hapana ya dukani. Mama yangu alikuwa anaanika juu ya bati pale Kisumu. Miaka hamsini sijaonja ile. Utaniletea mkononi, hapa kiwanjani, na mwavuli yako umeukunja, tayari kupanda."

"Tutakutumia kwa posta, mzee," muuguzi akasema.

"Posta haikuanguka," akajibu fundi.

Mwavuli wangu wa zambarau tuliukuta kwenye ua wa miiba mashamba mawili mbele. Tukarudi Ilford kwa gari. Nyumbani muuguzi hakuvua koti.

"Apa," akasema. "Apa mbele yetu hutaruka tena."

"Siapi."

"Dada, wewe ndiye mama yetu. Huna haki."

"Nilipokuwa na miaka kumi na mitano niliwaambia sitawaacha," nikamwambia. "Nimewaacha? Nyote mna kazi. Mna funguo za nyumba zenu. Kila nilichokifanya nilikifanya kwa kuwa kilikuwa lazima, na sijuti, lakini hiki ndicho cha kwanza nilichokichagua. Nitaruka."

"Ungekufa leo."

"Ningekufa kwa kuinuka katikati ya kukunja. Kosa nimelijua."

Akanitazama. Ni mtu hodari, nimemlea mwenyewe. "Uliinuka kwa ajili yetu," akasema. "Niliona. Uliinuka kutupakulia."

Yule wa tramu akainamisha kichwa, na kitinda mimba, ambaye nilidhani hafuatilii, akatazama sahani zilizokuwa bado mfukoni.

"Basi siku nyingine pakueni wenyewe," nikasema.

Muuguzi akaondoka bila kuaga. Wiki tatu hakupiga simu.

Mimi niliendelea. Niliufumua mwavuli wa zambarau, nikatoa miiba, nikabadilisha kamba, fundi akakagua na kufumua kiraka kimoja akaniambia nishone tena. Wa akiba aliukunja upya, mimi nimesimama ng'ambo ya meza namtazama. Alipoufunga kwa uzi mwekundu na lakiri yake akauliza, "Chupa iko wapi?"

"Iko dirishani. Jua hakuna."

"Basi mimi na wewe tunangoja."

Ndimu nilizipata dukani Ilford, ngozi nyembamba, nikazipasua nne nne bila kuzitenganisha kama alivyokuwa akifanya mama, nikazitia chumvi, manjano na pilipili, nikaziweka kwenye chupa ya mdomo mpana. Unguja ningezianika juu ya paa zikalainika upesi. Hapa zinapata jua la muda wa saa moja tu asubuhi, siku lipendapo, kisha jengo la mbele linaliziba. Imekuwa wiki ya sita. Bado ngumu.

Juzi nimerudi kazini nikakuta chupa haipo mahali pake. Ilikuwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, lile la upande wa pili, ambako jua huingia mchana. Viatu vyeupe vilikuwa mlangoni. Muuguzi alikuwa jikoni ameshika mfuko wa chumvi.

"Umekubali?" nikamuuliza.

"Sijakubali kitu. Chumvi ilikuwa kidogo. Ukimpelekea hivi yule mzee atasema hukufunzwa na mtu."

Akaitikisa chupa, akairudisha dirishani, akakaa kitako. Sufuria ilikuwa mezani. Alijipakulia mwenyewe, akanipakulia na mimi. Mkoba wangu umening'inia nyuma ya mlango, umekunjwa kwa mkao mmoja bila kuinuka. Mawingu hayajaondoka tangu jana, ndimu hazijalainika, na fundi wa Kenton bado ananidai chupa yake.