Jasho la Mwenyekiti

Pikapu iliyotubeba wanakwaya wa Kasense kwenda kwenye kipaimara Sumbawanga mjini ilinasa kwenye tope. Tukashuka kusukuma, isipokuwa mwenyekiti wetu, aliyevihurumia viatu vyake vipya. Yeye alibaki juu, nyuma ya kebini, akaikandamiza kwa mikono miwili na kusukuma kutoka hukohuko.

"Mzee wangu," alisema mwalimu wa fizikia, tope limemfika magotini, "gari limekubeba, halafu wewe unalisukuma? Nguvu yako inaishia humohumo. Shuka ukanyage ardhi."

"Mwalimu, kama sisukumi, hili jasho limetoka wapi?"

Tulicheka mpaka tukaliachia gari. Siku hizi kikaoni, mtu akijifuta jasho na kusema amechoka kutusukuma mbele, mimi humtazama viatu kwanza.