Kalamu na Karakana

Mume wangu anaandika programu za kompyuta, na tangu anioe sikuwahi kumwona akiziandikia kwenye kitu kingine isipokuwa kile chombo chake chepesi ndani ya kompyuta: skrini nyeusi, herufi za kijani, basi. Hakuna vitufe vya kubonyeza, hakuna picha. Ukikifungua kinafunguka kabla hujakaa sawasawa kitini. Mwenyewe hukiita Kalamu, na ukimsikia anavyokisifia utadhani anazungumzia mtoto wake wa kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, na kazi zetu tunazifanya chumba kimoja. Meza yake iko dirishani, cherehani yangu iko ukutani karibu na swichi, na katikati pametapakaa vipande vya vitambaa ambavyo kila siku anavikanyaga na kila siku namgombeza.

Ameajiriwa na idara ya maji. Programu yake ndiyo inayowatumia wateja meseji kuwaarifu mtaa gani utakatiwa maji na saa ngapi, ili watu wajaze ndoo mapema. Baadhi ya siku huenda ofisini, nyingine hufanyia kazi nyumbani.

Wenzake ofisini wanatumia kitu kingine kabisa, kikubwa, chenye kila zana ndani yake. Kinakagua makosa huku unaandika, kinakumalizia maneno, kinakuonyesha ulichoandika kiko wapi na programu imekwama wapi. Mume wangu alikibandika jina la Karakana, na jina likashika. Alikuwa akikizungumzia kwa dharau ya wazi. "Ukikifungua, nenda kaoge, rudi, kunywa chai, bado kinafunguka." Aliwahi kukijaribu kwenye kompyuta yake ya zamani, feni ikaunguruma na chini kukapata moto hata ungeweza kunyooshea kola. Hilo la kola nilisema mimi. Alicheka sana, kisha akaenda kuwasimulia ofisini kana kwamba ni lake.

Ila shida yake na Karakana haikuwa moto wala feni. "Mtu wa kazi hii lazima awe nayo yote hapa," alikuwa akisema, akijigonga paji la uso. Na kweli alikuwa nayo. Nilimzoea asubuhi ananyoa ndevu huku midomo inacheza, anaipitia programu nzima bila kuiona. Ninajivunia mume wangu, hilo silifichi, ingawa mbele yake silisemi, kichwa kisije kikavimba bure.

Basi siku moja simu yangu ikalia: maji yatakatwa mtaani kwetu saa nne asubuhi. Nikaanza kujaza ndoo. Kabla sijamaliza ikaja meseji nyingine: yatakatwa saa kumi alasiri. Jirani akapiga hodi kuniuliza, maadamu nimeolewa na idara ya maji, aamini ipi. Nikamwambia ajaze kila alicho nacho, hata sufuria. Kumbe mji mzima ulikuwa umepata meseji mbili mbili.

Yaliyotokea ofisini alinisimulia mwenyewe aliporudi. Alifungua programu kwa Kalamu yake akakuta ile sehemu ya kupanga saa na kutuma meseji imeandikwa mahali pawili, kila moja inahesabu saa kwa njia yake. Akapandisha hasira. Akauliza mbele ya watu wote nani amemwingilia kazi yake. Binti mmoja, aliyefundishwa kazi na mume wangu, akamwita kando na kumfungulia Karakana. Ilikuwa imepiga mstari wa njano chini ya ile sehemu ya pili, kumaanisha kwamba kitu hicho kipo tayari. Pembeni ilionyesha nani ameandika nini.

"Zote mbili ni zako, mzee," binti akamwambia kwa sauti ya chini. "Hii ya mwezi uliopita, na hii ya juzi."

Mtu anayetumia Karakana, alinieleza, si rahisi afanye kosa hilo, maana angeonywa mapema. Ni kosa la mtu anayetegemea kichwa chake tu.

Alikuwa amekaa kitini bila hata kuvua viatu. Nikasimamisha cherehani.

"Kila mtu hukosea, baba watoto."

"Kukosea nimekosea sana. Hii ni nyingine. Ile ya mwanzo nimeisoma neno kwa neno, mke wangu, na sikumbuki kuiandika. Nimeisoma kama ya mtu mwingine."

Niliogopa, sitaki kupamba maneno. Niliogopa kwa sababu nilikuwa nimeshaona. Chai alikuwa anaitia sukari mara mbili. Habari za kaka yake alikuwa ananisimulia kama ndiyo kwanza zimetokea, nami kila mara najitia kushangaa, nikidhani namsitiri.

"Daktari nitamwona," akasema. "Mkuu wa kazi nitamwambia mwenyewe kabla hajaambiwa. Lakini kazi siiachi. Nikiiacha nitabaki na nini?"

"Basi weka hiyo Karakana."

"Nikiiweka ndiyo nimekubali kwamba nasahau."

"Na usipoiweka utakuwa husahau?"

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Mkuu wake, namshukuru, hakumvunjia heshima. Alimpa kompyuta mpya yenye nguvu akamwomba aendelee, ila kila anachoandika binti akipitie kabla hakijaenda kwa wateja. Daktari naye alimwanzishia vipimo, na majibu bado tunayangoja.

Jana ndiyo aliifungua Karakana hapa nyumbani kwa mara ya kwanza kwenye hiyo kompyuta mpya. Alinung'unika mpaka nikataka kumhamishia jikoni. Vitufe vimejaa kama stendi ya magari, inamsahihisha kama mwanafunzi, inamkata maneno. Halafu akanyamaza. Nilipogeuka nilimwona ameinamia skrini, anasoma kitu.

"Nilitaka kuandika kitu kipya hapa," akasema. "Imenionyesha kwamba nimeshakiandika." Akafuta mistari aliyokuwa ameanza.

Alasiri akageuza kiti akanielekea.

"Nataka nikuombe jambo moja. Nikikurudia kitu nilichokwisha kukuambia, niambie. Usinionee haya. Hii kompyuta inaniambia bila haya, nawe uniambie hivyo hivyo."

Nilikuwa napinda pindo la gauni la mteja. Nikaendelea kulipinda hadi mwisho, kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

"Umeshaniambia," nikasema. "Asubuhi, ulipokuwa unafunga vifungo vya shati. Na nilikubali."

"Asante, mke wangu," akasema, akarudi kwenye kazi yake.