Pini na Nyundo ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi makochi, na kazi hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu wa maneno machache. Si kiburi, kama wanavyosema wasiomjua. Fundi makochi wa zamani huweka misumari yake midogo mdomoni. Anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine unagonga. Sasa mtu mwenye misumari mdomoni kutwa nzima atazungumza nini?

Marehemu wifi yangu alikuwa akisema, "Wenzangu wameolewa na wanaume, mimi nimeolewa na kopo la misumari." Mdogo wangu alimjibu kwa nyundo: ko, ko, ko, juu ya meza ya kazi. Wifi akaja na chai. Miaka yote ile waliitana hivyo, na sikuwahi kusikia wamegombana.

Mungu hakuwajalia mtoto. Wifi alipofariki, nyumba ile ikanyamaza. Karakana iko mbele, chumba cha kulala nyuma, katikati pazia tu. Nilikuwa nikimpelekea chakula.

"Umekula cha jana?"

"Nimekula, Dada."

Mwongo. Sufuria ya jana ilikuwa palepale, na mfuniko vilevile nilivyouweka mimi. Na nyundo alikuwa akiigonga kwa kazi tu. Zile ko tatu za mezani hakuzigonga tena.

Basi siku moja akaletewa kochi bovu lililokuwa limetupwa kwenye stoo ya watu. Akaligeuza miguu juu, akachana kitambaa cha chini, na kutoka katikati ya springi macho mawili yakamtazama. Mtoto wa paka, mkubwa kama kiganja, peke yake. Mdogo wangu akanyoosha mkono. Kile kiumbe kikamfokea, kikamchana kidole, kikakimbilia nyuma ya mafurushi ya sponji.

Jirani yake, Mama Mayai, aliyekuwa akiuza mayai mlangoni pale, akacheka hadi akashika mbavu. "Huyo mtoto wa paka shume, Fundi! Hafugiki huyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Mdogo wangu akatema misumari kiganjani, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote. "Hata mimi sikufugika. Muulize Dada."

Akampa jina la Pini.

Nimeona watu wakifuga paka kwa kuwakimbiza na kuwabana. Mdogo wangu hakumkimbiza. Aliweka samaki kidogo karibu na sponji, akakaa sakafuni na kumpa mgongo. Nikamuuliza kwa nini anakaa kama mtoto aliyenuna. Akasema mnyama anayeogopa anaona macho yako kama meno. Kila siku sahani ikasogea karibu na mgongo wake. Kisha akampa uji wa samaki kwenye ncha ya mpini wa mwiko, ili azoee kitu kinachotoka kwa mtu bila kuona mkono. Mwiko ukafupika, mkono ukakaribia. Shati lake la kazi alilikunja ndani ya boksi, Pini alale na harufu yake.

Kilichobaki kilikuwa nyundo. Kila ikigonga, Pini alitoweka. Basi mdogo wangu akaifunga nyundo kwa kitambaa, akawa anagonga taratibu wakati Pini anakula. Akapunguza kitambaa. Mwisho akagonga nyundo tupu, na yule paka akaendelea kulamba sahani, hata sikio halikutikisika. Nikasikia mdogo wangu anacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Halafu siku moja nikiwa naingia na sufuria, nikasikia mezani: ko, ko, ko. Nilisimama mlangoni. Pini akatoka nyuma ya pazia mkia juu, akapanda mapajani mwake, akajikunja. Mdogo wangu hakunitazama. Alikuwa amefumba macho.

"Fundi ameoa tena!" akapayuka Mama Mayai. "Tena mke mwenye sharubu!"

Siku hiyo sufuria yangu ilirudi tupu.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anahamia mji wa mbali, kwa binti yake, na akataka kochi lake libadilishwe kitambaa. Gari la mizigo likaja kabla ya kazi kwisha. Dereva akawa anapiga honi. Mdogo wangu akaligeuza kochi, akanyoosha kitambaa cha chini, akajaza misumari mdomoni, akapigilia pande zote nne mbio mbio. Wakalipakia, wakaondoka.

Jioni akagonga mezani. Akagonga tena. Akatazama nyuma ya sponji, ndani ya boksi, juu ya kabati. Akaja kwangu na nyundo mkononi, misumari imo mdomoni bado.

"Dada, Pini yuko kwako?"

Hakuwa kwangu. Kesho yake yule mwalimu akapiga simu: "Fundi, kochi lako linalia."

Mtoto yule wa paka alizaliwa ndani ya kochi. Akitaka usingizi mzito, alirudi alikotoka. Angekuwa bado paka wa mwituni, pigo la kwanza tu angetoka mbio. Lakini alikuwa ameshafundishwa kwamba nyundo ni mtu wake, na kwamba haina ubaya. Akalala pale, akisikiliza anavyofungiwa.

Mdogo wangu akasafiri, na nyundo yake na lile boksi lenye shati. Alipofika walikuwa wameshachana kitambaa, na Pini alikuwa ametoka kama risasi hadi chini ya rundo la mbao uani. Mdogo wangu akakaa chini, akampa mgongo, akaweka samaki. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba alikaa hapo hadi jua likamzunguka. Pini akatoa kichwa. Akatoa mabega. Akakaribia akinusa.

Mdogo wangu, kwa furaha, akamwita. Akagonga nyundo kwenye ubao: ko...

Pigo la pili halikufika. Pini alikuwa ameshapanda ukuta, na kutoka juu ya ukuta akamtazama fundi wake akamfokea, kama ile siku ya kwanza kabisa. Kisha akarukia upande wa pili.

Alimngoja siku kadhaa, kisha akarudi na shati lake ndani ya boksi. Mwalimu bado anamwekea Pini chakula. Anasema anakula, ila mtu akiwa hayupo.

"Shukuru yuko hai," nilimwambia mdogo wangu.

"Nashukuru, Dada," akasema, na sufuria akaisogeza pembeni.

Siku hizi amenunua mashine ya pini, ile ya kubonyeza. Mdomo hauna misumari tena, lakini maneno hayakuongezeka. Na kabla ya kufunga kochi lolote anapiga goti, anaingiza mkono hadi kwapani, anapapasa kila pembe, taratibu, anarudia. Wateja wanamsifu kwa umakini.

Juzi Mama Mayai alimuuliza, naye safari hii hakuwa akicheka, "Fundi, unatafuta nini humo?"

"Springi," akasema, na mkono hakuutoa.