Chumba Alichokitaka Shangazi

Nyumba yetu ya Kilwa Kivinje imekuwa nzuri, na uzuri wake unaniuma. Nasema yetu kwa mazoea tu. Warithi waliiuza ikiwa gofu, mizizi imepasua ukuta, popo wamejaa ghorofani, na hakuna aliyejuta kwa sababu hakuna aliyethubutu kulala humo. Sasa mwenye mali, bwana mmoja wa Dar, anaikarabati iwe nyumba ya wageni. Boriti mpya zimepandishwa, kuta zimepigwa chokaa, mlango wa nakshi umepakwa mafuta ukang'aa. Wapita njia wanasimama kuitazama. Mimi pia husimama, kisha najichukia.

Shangazi yangu alizaliwa humo. Anaumwa ini, na hospitali walituambia tumrudishe nyumbani. Nyumbani ni kwangu Masoko, nilikopanga. Haja yake ilikuwa moja tu: akifa, aoshwe katika kile chumba cha ndani kisicho na dirisha, walimooshewa mama yake na bibi yake. Enzi zao sakafu ilikuwa ya udongo. Ulichimbwa ufuo, kile kishimo cha chini ya kitanda cha kuoshea, maji ya maiti yakanywewa na ardhi humohumo, yasitoke nje machoni pa watu.

Nikaenda kumwomba yule bwana. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana huzuni ikinishika huwa mkali. Akakubali bila kinyongo.

"Mlete kwanza apaone," alisema.

Tukaenda kwa gari la kukodi. Bwana alitupokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba umeitendea wema."

Chumba cha ndani kilikuwa cheupe pee. Vidaka vya ukutani vimetiwa taa, na katikati pana kitanda kikubwa cha wageni. Shangazi aliupapasa ukuta taratibu. Nilidhani atalia. Akatabasamu, nami nikazidi kukasirika.

"Kitanda tutakitoa, bibi, na sakafu tutaifumua. Siku ikifika, binti yako anipigie tu simu."

"Na wageni watalala tena humu?"

"Hawatajua."

"Watajua. Kivinje nzima itajua." Akavuta pumzi. "Acha, baba. Nyumba imeshapona. Nisije nikaifukuzia watu."

Ndani ya gari nilimgombeza. Nilimwambia amekuja kupewa haki yake, akairudisha kwa mkono wake mwenyewe. Aliniegemea, mwepesi kama kanga iliyokauka kambani.

"Utaniosha kwako," alisema.

Kwangu ni chumba kimoja, sakafu ya saruji, na mwenye nyumba hataki hata msumari ukutani. Shangazi amelala hapa nyuma yangu, namsikia akihema. Maji yake yatapita chini ya mlango mpaka uani, wapangaji wenzangu wanapofulia nguo. Nitayaona yakienda, naye atakuwa mikononi mwangu, hawezi tena kuniambia kwamba si kitu.