Mahali pa Saini

Nimefunga vidonda katika miji mingi, na cha kwanza kilikuwa cha mjomba wangu.

Nilikuwa sekondari Mahajanga, mwaka wa kuchagua mkondo. Nilitaka sayansi, ili baadaye nisomee uuguzi. Fomu ilikuwa na mahali pamoja tu pa saini, pa baba. Lakini kwetu Wangazija mtoto ni wa mjomba, na baba hakuthubutu kumtangulia. Nikaipeleka fomu kwa mjomba, mpaka kisiwa cha Nosy Be.

Mjomba alikuwa amelala kwake Ambondrona, mguu umevimba. Alikuwa amekanyaga tumbawe.

“Si wewe uliyezimia tulipochinja mbuzi wa Idi?” akanicheka nilipomweleza habari ya uuguzi. “Haya, mwanangu, nisafishe kidonda.”

Nikachemsha maji, nikafungua kitambaa alichofungia mguu. Harufu ilinipanda kichwani, lakini niliosha mpaka usaha ukaisha. Muda wote aliuma meno.

“Umeniumiza,” akasema nilipomaliza kufunga. “Ila hukukimbia. Lete kalamu.”

Akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kubwa, akajaza nafasi yote ya baba.

Niliporudi nyumbani, mtaani kwetu Ampisikina, Mahajanga, baba aliitazama fomu, akatabasamu, kisha akabana saini yake pembeni, palipobaki.